Barua ya Arobaini na Mbili

Methali nyingi zina mikono miwili, nasi kwa uvivu wetu hushika mmoja tu. Chukua hii ya atafutaye hachoki, akichoka keshapata. Utaisikia ikigawiwa kama pole: mtu amekosa, anapigwa begani, anaambiwa aendelee kutafuta, basi. Hakuna anayemwambia atafute vipi. Ndiyo maana wako wanaozunguka palepale miaka nenda miaka rudi kama ngamia wa kinu, wakidhani kuzunguka ndiko kutafuta. Mwanvua binti Shakuru wa mtaa wa Bwiza nusura awe mmoja wao, na haya ndiyo yaliyomfika.

Mwanvua alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na shahada mbili. Ya pili aliipata kwa kuchunguza mafuriko ya Gatumba, kule mpakani na Kongo, ambako maji yalikuwa yameingia majumbani mara baada ya mara na kuwatoa watu na magodoro yao kichwani. Alichotaka sasa ni kimoja: nafasi ya uzamivu katika chuo kikuu chenye maabara ya maji, ili ajue kwa nini Gatumba haikuonywa mapema, na ionywe vipi safari ijayo. Majirani waliposikia kuwa anataka udaktari, wengine walianza kumletea watoto wenye homa. Yeye hakuwacheka. Aliwaelekeza zahanati, akarudi kwenye kompyuta yake.

Katika sanaa ya kuomba, mwalimu wake alikuwa mjomba wake Massoudi, karani wa wakala wa forodha pale bandarini. Bwiza nzima haikuwa na mtu aliyezijua barua kama Massoudi. Barua yake ilianza kwa "Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya kiti chenu kitukufu," ikaishia kwa kumsihi mpokeaji akubali hisia za heshima isiyo na mfano, na hapo katikati mwombaji alijishusha mpaka karibu apotee. Nyuma zilifuata nakala: shahada, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, kila moja imegongwa muhuri. "Karatasi isiyo na muhuri," Massoudi alizoea kusema, "ni ya kufungia sambusa." Ndivyo ofisi zetu zilivyotufunza, wala si uongo, kwetu barua ile ingefungua milango. Mwanvua aliituma ng'ambo mara arobaini na moja, kurasa ishirini na tatu kila safari, kwa maprofesa wa nchi tisa.

Wengi hawakujibu. Wachache walisema wanasikitika. Kila jibu lilipokuja, Massoudi alilisoma kwa miwani yake, akatikisa kichwa, akashauri waongeze cheti kingine. Mwanvua aliongeza. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho, na katika miaka miwili hiyo ya kuomba hakuna aliyewahi kumkuta amelala mchana. Juhudi hakukosa hata chembe.

Ramadhani ilipoandama, Massoudi alimjia na neno la huruma. Katika ofisi yao kiti kimoja kilikuwa wazi, na yeye alikuwa amemwombea mpwawe kwa mkubwa wake kwa maneno yote ya heshima aliyokuwa nayo.

"Patron atakungojea mpaka mfungo wa ishirini na tisa, baada ya alasiri," alimwambia. "Mwezi uandame, usiandame, siku ile nitakuja kuchukua jibu. Ukikataa, anakaa mwingine. Na we mupwa wangu, utakuwa umetafuta miaka miwili ukakosa vyote viwili."

Kilikuwa kiti kizuri na cha halali. Ndicho kilichomtisha Mwanvua. Alijua kiti kama kile mtu akishakikalia hainuki, na Gatumba itabaki ikichunguzwa na watu wasioijua. Alilia kidogo jikoni siku ile, akasingizia vitunguu.

Barua ya arobaini na moja ilikataliwa siku ya kumi na mbili ya mfungo. Mwanvua alitoka nyumbani, akaenda garaji kwa baba yake.

Shakuru alikuwa fundi wa injini za mashua, zile zibebazo mizigo kwenda Kigoma na Uvira. Ukuta wa garaji yake ulikuwa mweusi kwa moshi, na juu yake aliandika kwa chaki kila alichojaribu kwenye injini iliyomshinda. Filta, inakataa. Pampu, inakataa. Nozeli ya pili, inakohoa. Hakuwahi kurudia jambo ambalo ukuta ulikwisha kulikataa, na aliona aibu kubwa fundi kujaribu kitu kilekile mara mbili. Injini ikiwaka, alichukua kitambaa kibichi akaufuta ukuta wote. Wateja walizoea kuchungulia tu mlangoni: ukuta ukiwa msafi, walijua chombo chao kimepona na hawakuwa na haja ya kuuliza.

Mwanvua alimsomea jibu la kukataliwa. Shakuru alifuta mikono, akauliza barua zimefika ngapi. Alipotajiwa hesabu akaketi juu ya kiti cha gari kuukuu kilichokuwa pale pembeni.

"Barua ya arobaini na moja ina nini ambacho ya kwanza haikuwa nacho?"

Mwanvua alifikiri kwa haki, maana baba yake hakuwa mtu wa kuuliza ovyo. "Tarehe," akasema.

"Basi hujaandika arobaini na moja. Umeandika moja." Shakuru aliinyooshea kidole injini ndogo ya mashua iliyokuwa sakafuni. "Hii ikikataa, mi navuta kamba mara tatu. Ya nne naifungua. Anayevuta mara arobaini hatafuti ubovu, anatafuta maumivu ya bega."

Neno lile lilimchoma Mwanvua, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Baba yake hakumpa nafasi ya kununa. Alimtaka aeleze anachotaka kuchunguza, kwa maneno ya kumweleza mteja, bila heshima isiyo na mfano. Mwanvua akaanza kwa kusitasita, halafu akasahau kusitasita. Alieleza habari za shangazi yake Saliha, dada yake Shakuru mwenyewe, mjane wa Gatumba anayevusha nyanya na sabuni mpakani. Katika mwimo wa mlango wake Saliha alitia alama kila mara maji yalipoingia, pale yalipofika. Alama za makaa zilikuwa za maji ya mto: yalikuja na kelele na matope, yakaondoka baada ya siku tatu nne. Alama za buluu ya kufulia zilikuwa za maji ya ziwa: yalipanda kimya, masafi, yakakaa miezi mpaka mtu akasahau sakafu yake ina rangi gani. Serikali na wafadhili waliyaita yote mafuriko. Saliha peke yake ndiye aliyeona ni maji mawili. Na kama ni maji mawili, alisema Mwanvua, basi yanataka maonyo mawili, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Hayo yako ukurasa gani katika zile ishirini na tatu?" Shakuru aliuliza.

"Hayamo, baba."

"Kwa nini?"

"Ni alama za mlangoni. Hazina muhuri."

Shakuru aliinuka. Alichukua chaki, akaenda kwenye kona safi ya ukuta, akaandika: Kujishusha na mihuri, inakataa. Kisha akampa bintiye chaki ile ashike.

Siku tatu Mwanvua hakutuma chochote. Alisoma kazi za maprofesa, akawaacha wale waliokuwa wanajua mengine, akabaki na sita waliokuwa wanahangaika na mito na maziwa. Kisha aliandika barua ya arobaini na mbili. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Ilianza na swali: je, maji yaliyoingia Gatumba ni ya mto au ya ziwa, na tunaweza kujua siku ngapi kabla? Ikafuata habari ya mlango wa Saliha. Jina lake mwenyewe lilikuja mwisho.

Alimwonyesha mjomba wake kwa adabu, maana si vema mtu kumpita mwalimu wake gizani. Massoudi aliisoma, akaigeuza, akatafuta kurasa zilizobaki.

"Unamwandikia profesa kama unamwomba jirani chumvi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Na mlango? Mutu mwenye shahada mbili anapeleka Ulaya habari ya mlango?"

Alikasirika, akaondoka bila kungoja futari, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Mwanvua aliumia. Hata hivyo aliituma, kwa wa kwanza kati ya wale sita.

Jibu lilikuja siku ya pili. Profesa Assia, mwanamke mwenye asili ya Moroko aliyefundisha Ubelgiji, alikuwa na nafasi moja tu ya uzamivu, na maombi yake yangefungwa Ijumaa ya wiki ileile. Hakusema ndiyo. Aliuliza: Mwanvua anajuaje kwamba shangazi yake hakutia alama zile baadaye, kwa kukumbuka tu? Kumbukumbu ya mtu aliyepatwa na balaa hurefusha maji. Kama upo uthibitisho, aupate kabla ya Ijumaa. Kama haupo, basi anamtakia heri.

Mwanvua alikimbilia garaji. Shakuru alisikiliza, akaandika: Swali kwanza, inakohoa. "Injini inayokohoa inataka kuwaka," alisema, akamkabidhi mita yake ya chuma.

Kesho yake asubuhi, siku ya Jumatano, Mwanvua alikuwa Gatumba. Alipokaribia nyumba ya shangazi yake, alisimama ghafla. Mlango uling'aa kijani. Mwimo uling'aa kijani. Idi ilikuwa inakaribia, na nani katika ukoo wao angeipokea Idi na nyumba chafu? Saliha alikuwa amepaka rangi ya mafuta, mara mbili, juu mpaka chini, na alitoka nje akitabasamu asifiwe.

Mwanvua hakuweza kumsifu. Aliketi kizingitini, akamweleza kilichopotea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutafuta alihisi kitu kizito kikimlalia mabegani, akajiuliza kama kile ndicho kiti cha Massoudi kinachomwita. Saliha alimwacha amalize. Halafu akamshika mkono, akauweka juu ya mwimo.

"Papasa, mwanangu."

Vidole vya Mwanvua viliteremka juu ya rangi laini, vikakwama kwenye mfuo. Vikateremka tena, vikakwama.

"Makaa na buluu vilikuwa vya macho tu," Saliha alisema. "Unadhani maji yangekuja mara ya pili yakaacha makaa yangu? Nilikata kwa kisu, siku ileile, maji yakiwa hapa hapa kwenye mapaja. Mto nilikata mshazari. Ziwa nilikata sawa. Rangi haizibi kisu."

Mwanvua alipima mifuo yote, tisa kwa jumla, minne ya mshazari na mitano ya sawa. Kwa kila mmoja alimwuliza shangazi yake siku, na Saliha alizitoa bila kubabaika: huu ni wa wiki aliyoolewa mtoto wa imamu, huu ni wa siku mbili kabla ya Maulidi, huu ni wa siku ulipofungwa mpaka wa Kongo, akarudi na nyanya zake zote zikaoza. Mwanvua akazigeuza kuwa tarehe. Hapo ndipo alipoona njia. Kule bandarini kulikuwa na nguzo yenye vipimo iliyosimama majini, na karani wa bandari aliyeandika kimo cha ziwa kitabuni kila asubuhi. Saliha hakuwahi kukiona kitabu kile. Kama tofauti kati ya mifuo mitano ya ziwa zingelingana na tofauti za kitabuni kwa siku zilezile, basi kisu cha Saliha kilisema kweli. Na kama mifuo minne ya mto isingelingana, basi kilisema kweli mara mbili.

Lakini kitabu cha bandari hakitolewi kwa yeyote. Mtu pekee aliyeweza kukifikia alikuwa ameondoka kwao bila kufuturu.

Alhamisi asubuhi Mwanvua alikwenda bandarini. Alimkuta Massoudi mezani pake, kati ya madosiye ya karatasi, na mbele ya makarani wenzake alimpigia magoti kama apigavyo mtoto wa kike kwa mjomba wake. Alimwomba radhi kwanza. Kisha akamwambia anahitaji kimo cha ziwa kwa siku tano, kisha zile nne nyingine, na kwamba safari hii anahitaji mtu anayejua barua, kwa sababu mkuu wa bandari ni mtu wa hapahapa.

Massoudi alimtazama juu ya miwani. "Yaani sasa heshima isiyo na mfano ina kazi."

"Ina kazi yake, mjomba. Mi niliituma mahali pasipo pake."

Massoudi hakucheka, ila mkono ulikwisha kuvuta karatasi. Aliandika ombi zuri kuliko yote aliyowahi kuandika, akalipeleka mwenyewe, akasimama pale mlangoni mwa mkuu mpaka likasainiwa. Saa tisa alirudi na nakala ya kurasa tisa, na kila ukurasa ulikuwa na muhuri. Hakuweza kujizuia.

Walizipitia pamoja, mjomba akisoma, mpwa akitoa na kujumlisha. Kati ya mfuo wa kwanza na wa pili wa ziwa, mlango ulisema sentimita ishirini na moja, kitabu kikasema ishirini. Uliofuata ulilingana kabisa. Hakuna mahali mlango na kitabu vilipopishana zaidi ya vidole viwili. Mifuo ya mto ilikwenda zake, haikulingana na kitu, kama ilivyopasa. Massoudi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alikiri kwamba shangazi wa Gatumba, ambaye yeye siku zote alimwona mchuuzi tu, ameweka kitabu kizuri kuliko ofisi nyingi alizozijua.

Ijumaa kabla ya sala Mwanvua alituma yote: hesabu, picha za mwimo wa kijani, kurasa za bandari. Jumatatu Profesa Assia alimpigia simu ya video, akamhoji karibu saa nzima. Alimbana kwa maswali magumu, na mawili Mwanvua hakuyajua, akasema hayajui. Mwishoni profesa aliuliza alama zile zitaandikwa kwa jina la nani katika kazi. Mwanvua alijibu kwamba zitaandikwa kwa jina la Saliha, kwa sababu ndiye aliyesimama majini na kisu. Profesa alisema kuna waombaji wengine wanne wazuri, atajibu.

Siku zikaenda. Mwanvua hakukaa kungoja mlangoni pa bahati. Kila asubuhi alikwenda Gatumba kupima maji, kila jioni aliandikia profesa mwingine mmoja, na kila barua ilikuwa na kitu ambacho ya jana yake haikuwa nacho. Ukuta wa garaji ulijaa chaki mpaka injini za watu zikakosa pa kuandikwa. Shakuru hakulalamika.

Mfungo wa ishirini na tisa ulifika. Mwanvua alirudi kutoka Gatumba adhuhuri, viatu vimejaa matope, akapitia garaji ili amngojee Massoudi hapo. Jibu la profesa lilikuwa halijaja. Alikuwa amekwisha kuamua: atakikataa kiti, hata kama hana kingine. Aliogopa kulisema, lakini alijua atalisema. Aliiweka simu kwenye chaji juu ya meza ya baba yake, akaketi kwenye kile kiti cha gari kuukuu ili apange maneno ya kumwambia mjomba bila kumvunja moyo. Alipanga sentensi ya kwanza. Ya pili hakuifikia.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa garaji na alasiri ilikwisha kupita. Alishtuka, akaanza kuinuka. Ndipo alipoona ukuta.

Ulikuwa msafi. Hapakuwa na kujishusha wala mihuri, hapakuwa na swali wala mlango. Ulikuwa bado unatiririka maji, na kitambaa kibichi kilikuwa mkononi mwa baba yake. Mwanvua alitafuta injini iliyowaka. Zilikuwamo mbili tu, zote sakafuni, kimya, zimefunguliwa vifuniko. Akageuka.

Massoudi alikuwa ameketi juu ya tairi, miwani usoni na simu ya mpwawe mkononi. Alisema kwamba alikuja kuchukua jibu, simu ikalia, barua imeingia, na Shakuru akamwamuru asome yeye anayejua Kifaransa cha wakubwa. Alikuwa ameisoma mara tatu.

"Umekubaliwa, mupwa wangu. Miaka minne, nusu kule, nusu hapa ziwani. Anataka kuja kuuona mlango." Alisita kidogo. "Barua yake haina muhuri. Lakini mi nimeiamini."

Mwanvua alilia, na safari hii hapakuwa na kitunguu cha kusingizia. Alipopata sauti aliuliza ni saa ngapi ilikuja, na kwa nini hawakumwamsha kwa habari kama ile.

"Massoudi alitaka kukuamsha, mi nikakataa," Shakuru alisema, akikamua kitambaa chake mlangoni. "Miaka miwili sijakuona umelala mchana. Leo nimekukuta umelala, hujui hili wala lile, nikasema kimoyomoyo, huyu lake limetimia. Simu ikalia."

Kisha akaning'iniza kitambaa msumarini na kuwahimiza waende nyumbani, maana kulikuwa na mwezi wa kutazama na shangazi wa Gatumba wa kupigiwa simu. Kwani atafutaye hachoki, akichoka keshapata.